Mwalimu Swaumu na Kisanduku Kilichoomba Kura

Kalamu nyekundu ya Mwalimu Swaumu Makame iliogopwa shule nzima, na mimi ninayeandika haya niliiogopa kuliko wanafunzi. Naitwa Gervasi, nafundisha Hisabati, mzaliwa wa Bugarama upande wa Ngara, na kama Wahangaza wengi ulimi wangu una urafiki mkubwa na herufi r. Nikisema, "rakini" inatoka kabla sijaizuia. Nikiandika sikosei, maana naandika polepole. Hilo nataka lieleweke mapema.

Kijiji chenyewe sitakitaja jina, kwa sababu kuna watu bado wamenuna. Itoshe kusema kina watu wa aina mbili. Kuna sisi tuliotoka Ngara, ambao tukikutana na l tunaigeuza r. Halafu kuna Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Mwanza na Shinyanga, ambao wakikutana na r wanaigeuza l. Sokoni tunaelewana vizuri kabisa. Mtu akikwambia ana "balua" yako, unajua ni barua, unanyoosha mkono. Aliyekuwa haelewi ni Mwalimu Swaumu peke yake, na alikuwa haelewi kwa makusudi.

Yeye alizaliwa Biharamulo mjini, kwenye nyumba ya wafanyabiashara ambao babu yao alikuja kutoka pwani na mzigo wa chumvi na vitambaa, akapapenda, akabaki. Duka lilikufa, dini ikabaki, na Kiswahili kikabaki. Nyumbani kwao mtoto aliyesema "nimerara" hakupewa chai mpaka arudie neno vizuri. Akafundisha Kiswahili darasa la sita kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo alizungushia duara nyekundu kila kitu kilichopita mbele yake, yakiwemo matangazo ya msiba. Barua yangu ya kuomba ruhusa niliwahi kuikuta mezani kwa mwalimu mkuu ina duara tatu. Ruhusa haikuwa ya kwake kutoa, alikuwa anapita tu. Siku ile mimi nilikuwa na haraka.

Alivyoingia elimu maalumu ni kichekesho. Ulikuja waraka kwamba shule itafungua darasa la watoto wenye ulemavu na mwalimu mmoja aende mafunzoni. Kwenye kikao wote tulitazama dari. Swaumu siku hiyo alikuwa hayupo, amekwenda kumuuguza mama yake, kwa hiyo alichaguliwa kwa kauli moja. Alirudi na boksi la picha zilizokatwa kwenye kalenda za zamani, na tabia moja mpya iliyotutesa sote: kungoja. Anamuuliza mtoto swali, kisha ananyamaza, anahesabu moyoni mpaka ishirini, ndipo anamsaidia. Akaanza kutufanyia na sisi. Unamsalimia asubuhi, anakutazama, nawe hujui kama umekosea salamu au umegeuka mwanafunzi.

Mwanafunzi wake mkubwa aliitwa Kwandu, binti wa miaka kumi na miwili, mtoto wa Wasukuma wa ng'ambo ya bwawa. Kwandu ana mtindio wa ubongo. Haongei, mikono yake inakwenda inakotaka yenyewe, na katika mwili mzima kiungo kinachomtii vizuri ni kiwiko cha kushoto. Lakini macho yake yalikuwa yanaona kila kitu, pamoja na yale usiyotaka yaonekane. Mama yake alikuwa akimleta kila siku kwenye kiti cha magurudumu kilichoungwa na fundi baiskeli, na kila siku alituambia mtoto anaelewa. Tulimjibu ndiyo mama, kama unavyomjibu mtu usiyemwamini.

Halafu kikaja kile kisanduku. Kilifika kwenye boksi la msaada, plastiki tupu, vitufe vinne vikubwa kama visosi. Ukisukuma swichi ya nyuma, kitufe unachokibonyeza kinanasa sauti yako. Ukiirudisha, ukibonyeza kinaitoa. Swaumu alibandika picha: sahani, choo, kitanda, na kiganja kilichokataa. Akaingiza sauti yake mwenyewe, kwa Kiswahili ambacho kingeweza kusomea taarifa ya habari: Naomba kula. Naomba kwenda chooni. Naomba kulala. Sitaki.

Miezi mitatu Kwandu hakukigusa. Swaumu alisema mtoto hajifunzi kusema kwa kuamrishwa, anajifunza kwa kuona wengine wakisema, kwa hiyo ikabidi yeye mwenyewe aongee kwa kisanduku. Alikuja nacho ofisini kwa walimu. Akitaka chai alikaa kimya, midomo imefungwa, akabonyeza sahani, na sauti yake ikatoka mezani: Naomba kula. Mwalimu mkuu alimuuliza kwa upole kama anaumwa jino. Alibonyeza kiganja. Sitaki, kikasema kisanduku.

Kilichofungua mambo ni uji. Mpishi wetu ni Mzee Juvenali, Mhangaza wa Mugoma, mtu wa miaka sitini na sauti nzito ya kuitia ng'ombe kilima cha pili. Kila saa nne alimletea Kwandu kikombe na kila siku alifanya mchezo uleule: aliomba kwa niaba yake, kisha akajikaribisha mwenyewe. Siku hiyo Swaumu alikuwa ameacha swichi kwenye kunasa. Mzee akainama, akaegemeza kidole gumba kwenye sahani, akasema kama kawaida yake, "Naomba kura." Swaumu aliporudisha swichi, kiwiko cha Kwandu kilipita pale kwa bahati mbaya, na sauti ya Mzee Juvenali ikatoka mapajani mwa yule binti.

Kwandu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Akabonyeza tena. Nilihesabu kutoka darasa langu la pili, ni kazi yangu kuhesabu, mara arobaini na moja kabla ya kengele.

Swaumu alifurahi kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha alisikia ile r. Alifuta, akaingiza upya sauti yake safi, na Kwandu akaondoa kiwiko kana kwamba ameguswa na sufuria. Akamwita mzee, ambaye alikuja amevaa shati la Jumapili, akamfundisha: ulimi juu, baba, nyuma ya meno, ku-la. Mara tisa. Mara tisa ikatoka kura. Mwalimu alitoka nje, akasimama kwenye tangi la maji akiwa ametupa mgongo, akarudi, akamwambia mzee aingize vyote vinne kama anavyosema. Ilimuuma. Nilimwona.

Basi ndivyo Kwandu alivyoanza kuongea, kwa sauti ya babu wa miaka sitini wa Mugoma. Aliomba kura, aliomba kurara, na mimi nikiingia tu na chaki ya Hisabati aliomba choo. Kila kipindi. Nikamlalamikia Swaumu kwamba mtoto anadanganya. Alingoja hesabu yake ya ishirini kisha akaniambia hiyo ndiyo siku aliyokuwa anaiombea: anayedanganya ana lugha.

Sasa, huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vijiji. Mwenyekiti wetu, Bulugu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na moyo mzuri kiasi, alikuwa anaomba kurudi. Tatizo lake lilikuwa neno moja. Kila mkutano alisimama, akavua kofia, akasema, "Ndugu zangu, naomba kula," na nyuma kabisa mtu akajibu kwamba miaka mitano yote umekula, mzee. Alichekwa kijiji hadi kijiji. Ikafika mahali akawa anakwepa neno lenyewe, anaomba "ile kitu ya kuweka sandukuni".

Asubuhi moja alikuja shuleni kukagua choo kipya. Wazazi walikuwepo wakibeba mchanga. Kampeni shuleni hairuhusiwi, na yeye alijua, lakini mtu aliyezoea kuomba akiona watu thelathini wamesimama ulimi unamponyoka. Akavua kofia, akasahau kukwepa. Akasema anakuja tena kwao, wazazi wake, anaomba kula.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache na harufu ya uji ilikuwa imefika barazani. Kiwiko kikashuka.

"Naomba kura," ikasema sauti nzito ya kiume kutoka barazani, kwa r iliyonyooka.

Watu walikaa chini kwa kicheko, wengine kwenye mchanga mbichi. Bulugu aligeuka kumtafuta huyo mwanaume anayemsahihisha mbele ya wapiga kura. Akamkuta binti kwenye kiti, anamtazama usoni. Binti akabonyeza tena, maana uji ulikuwa haujaja. Bulugu akaona mwalimu amesimama nyuma yake, na kwa bahati mbaya mwalimu alikuwa na kalamu nyekundu sikioni. Nasema kweli, kwa Swaumu tuliyemjua, hata ningekuwa mimi ningeamini ametengeneza mashine ya kunisahihisha.

Malalamiko yalifika kwa mtendaji wa kijiji, Irambona, siku hiyohiyo: kwamba shuleni kuna kifaa kinachofanya kampeni bila kibali, kwa sauti ya mtu asiyegombea. Irambona ni Mhangaza mwenzangu, mtu mwoga wa makaratasi. Alitafuta kwenye mwongozo wake, hakuona kifungu cha visanduku, na kwa kuwa hakuna kifungu alikichukua kwa usalama. Akakifungia kabatini pamoja na wavu wa mpira na mihuri, mpaka uchaguzi upite.

Swaumu alikwenda ofisini kila siku baada ya vipindi. Akaambiwa aandike barua, akaandika. Akaambiwa barua imepokelewa. Siku ya nne akaambiwa hawezi kudai mali isiyo yake. Mwenye kifaa aje mwenyewe, aeleze kwa kauli yake kwamba ni chake.

"Kauli yake ndiyo hiyo umeifungia kabatini," Swaumu akamwambia.

Irambona akaandika hilo pembeni ya faili, akasema atalifanyia kazi.

Darasani mambo yalikuwa mabaya kwa namna isiyoonekana. Uji Kwandu aliendelea kupewa, choo alipelekwa, alilazwa. Hicho ndicho kilichomtesa Swaumu: hakuna aliyeona kuna kitu kimepotea, kwa kuwa mtoto alikuwa anakula. Siku za kwanza kiwiko kilishuka kwenye ubao mtupu wa kiti, tap, tap, akasubiri sauti. Swaumu alikuwa akimjibu hata hivyo, lakini mtoto alikuwa anasikiliza ubao. Siku ya tisa kiwiko hakikushuka. Niliingia na chaki yangu ya Hisabati, nikasimama makusudi karibu naye. Hakuniomba choo. Nilifundisha kipindi kizima bila kukatizwa, na sijawahi kufundisha kipindi kibaya kama kile.

Swaumu aliniambia mlangoni kwamba miaka miwili aliitumia kumfundisha mtoto huyu kwamba ukiomba, dunia inajibu. Akasema hajui kama anaweza kumfundisha mara ya pili. Alikuwa analia, na hakujali nani anamwona.

Shauri likakaa Jumatatu kwenye ofisi ya kijiji. Alikuwepo Irambona mezani, Bulugu na kofia yake, Felisita aliyekuwa wakala wa mgombea mwingine na mwenye sauti kubwa kuliko mgombea wake, Swaumu, Kwandu na mama yake, na Mzee Juvenali aliyeitwa kama mwenye sauti. Mzee alikuja na chupa ya chai iliyojaa uji, akisema serikali ni serikali lakini saa nne ni saa nne. Mimi niliitwa kuandika muhtasari kwa sababu ya mwandiko wangu.

Irambona alifungua kikao, akakohoa, akaliweka swali mbele ya wajumbe.

"Tunachotaka kujua reo ni kimoja. Huyu mtoto anaomba kura ya kupiga, au anaomba kura ya kura?"

Bulugu akasema hata yeye hajaelewa swali. Irambona akarudia polepole: kura, au kura. Felisita, ambaye kwao ni Mugoma, akasema yeye ameelewa, tofauti iko wazi, kuna kura na kuna kura. Bulugu akauliza kama ni kula au ni kula. Robo saa nzima ofisi ya serikali ilijadili maneno mawili ambayo kila upande ulikuwa na moja tu. Mtu pekee mle ndani aliyekuwa nayo yote mawili alikaa kimya, amefumba macho, na nilijua anahesabu mpaka ishirini.

Mwisho wakaamua kifaa kitoe ushahidi chenyewe. Kikatolewa kabatini, kikawekwa mbele ya Kwandu. Alikitazama kwa muda mrefu. Mama yake akataka kumshika mkono amsaidie, Swaumu akamzuia kwa jicho. Tulingoja. Sijui tulifika ngapi, lakini ilikuwa zaidi ya ishirini. Kiwiko kikashuka juu ya sahani.

"Hii kitu inafunguriwa wapi?" kikasema kisanduku.

Ilikuwa sauti ya Irambona. Katika zile siku za usalama alikuwa amekichezea, akasukuma swichi ya nyuma, akaegemea sahani, akairudisha. Mwenyewe alianza kupanga mihuri. Kwandu alibonyeza tena, na tena akaulizwa kitu hiki kinafunguliwa wapi. Uso wake ukaanguka, akalia ule mlio wake wa chini usio na maneno, na hapo hata Bulugu aliweka kofia yake sakafuni.

Irambona alisema kosa litasahihishwa mara moja, kwa Kiswahili fasaha, na fasaha anajulikana ni nani. Swaumu akasukuma swichi, akasema Naomba kula, l safi kama ya nyumbani kwao. Felisita akasimama. Alisema anapinga: hivyo ndivyo Bulugu anavyoomba, neno kwa neno, kijiji kizima ni shahidi, na sasa kifaa cha shule kinamfanyia kampeni kwa lafudhi yake. Bulugu akasema hata yeye anaona ni kweli anaomba hivyo. Ikawa sasa katika kijiji chetu hakuna namna ya kuomba chakula bila kuwa umemuombea mtu uongozi.

Kwandu alimaliza ubishi. Alibonyeza sahani, akasikia sauti ya mwalimu wake, akasogeza kiwiko hadi kwenye kiganja. "Sitaki," ikasema sauti ya Mzee Juvenali.

Swaumu akampa mzee kisanduku. Mzee alikuwa hajawahi kuongea mbele ya mtendaji na muhuri wake. Akakiegemea, akainua ulimi juu nyuma ya meno kama alivyofundishwa, jasho likamtoka, akasema, kwa mara ya kwanza katika miaka sitini, "Naomba kula."

Ilikuwa l isiyo na doa. Nilimtazama Swaumu, ndoto ya maisha yake yote ilikuwa imetimia mle ofisini. Kwandu akaisikiliza mara moja.

"Sitaki."

Swaumu alipiga magoti mbele ya mzee, yeye aliyetunyanyasa na duara zake miaka kumi na moja.

"Mzee Juvenali, shikamoo," akasema, kama vile ndiyo kwanza wanakutana. "Nakuomba, sema neno la mtoto kama lilivyo. Usilisahihishe. Ni lake."

Mzee akaitikia marahaba. Akajifuta uso, akaegemeza kidole gumba, akasahau serikali. Swichi ikarudishwa. Kiwiko kikashuka, na ofisi nzima ikaombwa kura kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Kwandu alicheka, kwikwi zikamshika, akabonyeza tena huku anatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetuuliza sasa nyie mnangoja nini.

Ni kweli, tulikuwa tunangoja. Irambona alikuwa anatafuta kifungu. Aliyesimama ni Bulugu.

"Mpeni mtoto kula," akasema.

Tulivuta pumzi tayari kucheka, kwa mazoea. Hakukuwa na cha kuchekea. Alikuwa amelisema sawasawa. Mzee Juvenali akafungua chupa, akamimina uji.

Uchaguzi ulipita. Bulugu alirudi kwenye kiti, na Mzee Juvenali, ambaye hakugombea, aliandikwa jina kwenye karatasi kumi na saba zilizoharibika. Kwandu ameongezewa kisanduku cha vitufe vinane, vyote sauti ya mpishi, na kimojawapo ni cha kunisema mimi.

Muhtasari wangu niliupeleka kwa Mwalimu Swaumu aukague kabla haujapelekwa ofisini. Nilikuwa nimeandika kwamba mtoto aliomba kura akapewa kura, akashiba. Alisoma akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika kwenye neno hilo kalamu ilishuka, ikakaa juu yake, na nikaanza kuhesabu. Nilifika ishirini. Akaliacha kama lilivyo, akageuza ukurasa, na mstari wa tatu kutoka chini akazungushia duara "rakini" yangu.